Muulize Anayepokea Kazi Yako

Mwaka wa fedha unapokaribia kwisha, katika ofisi nyingi za Tanzania watu ambao miezi yote hawakuwahi kukaa na wakubwa wao kuzungumzia kazi huanza kutafutana kwenye korido ili wakamilishe tathmini. Utumishi wa umma ulianza kutumia Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi mwaka 2004, ule ambao karibu kila mtumishi aliuita OPRAS. Siku hizi umeipisha PEPMIS, ambamo mtumishi anaingiza majukumu na utekelezaji wake kwenye kompyuta na msimamizi anampima humo humo. Kampuni binafsi nazo zina fomu zao. Maneno hayatofautiani sana: ushirikiano, mawasiliano, ubunifu, uadilifu, kujituma, jipe alama moja hadi tano. Mtumishi anajipa nne. Bosi hataki ugomvi na mtu atakayekaa naye chumba kimoja mwaka mwingine mzima, anaiacha nne ibaki nne, wanasaini.

Sina ugomvi na fomu. Ila fomu haimwambii kijana aliyeripoti kazini jana afanye nini kesho asubuhi, wala haimsaidii mama aliyekaa masjala miaka kumi na mitano kujua kwa nini anapitwa kila nafasi ya kupanda inapotokea. Kwa hiyo tuiweke kando kwanza. Swali langu kwako ni jingine: ukimaliza sehemu yako, kazi inakwenda kwa nani? Na huyo akiipokea, anaanza kazi yake, au anaanza kusahihisha yako?

Ushauri wote ninaotoa hapa unatokana na swali hilo. Bosi anaona kipande kidogo tu cha unachofanya, tena mara nyingi kile ulichochagua akione. Anayepokea kazi yako anaiona yote, pamoja na mashimo yake.

Habari hii ya kupima watu kwa sifa za utendaji ina historia yake, na inafaa kuijua. Mwaka 1973 mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Harvard, David McClelland, alichapisha makala akidai kwamba mitihani ya akili na alama za shuleni havitoshi kutabiri nani atafanya kazi vizuri. Miaka hiyo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilikuwa ikitafuta namna bora ya kuchagua vijana wa kupeleka ng'ambo kama maofisa habari. Mtihani uliokuwapo ulipima ujuzi wa mambo na ufasaha wa lugha, lakini waliofaulu sana hawakuwa lazima ndio waliong'ara vituoni. McClelland na wenzake hawakukaa mezani kutunga orodha ya sifa. Waliomba waonyeshwe maofisa wanaosifiwa na wenzao wote, na wengine wa kawaida tu, wakawahoji: tueleze siku ambayo kazi ilikwenda vizuri na siku ilipoharibika, ulifanya nini, ulisema nini, kikafuata nini. Tofauti ikajitokeza. Waliong'ara walikuwa wepesi kusikia kile ambacho watu wa utamaduni mwingine walikuwa wanakimaanisha hasa, waliendelea kuwatazamia mema hata waliowapinga, na walipofika mji mpya walitambua upesi nani anasikilizwa na nani. Mtihani haukuwa umeuliza lolote kati ya hayo.

Njia hiyo unaweza kuitumia hata ukiwa duka la jumla Kariakoo. Katika kila sehemu ya kazi yupo mtu ambaye kazi ikiwa ngumu jina lake ndilo linalotajwa kwanza. Si lazima awe na cheo. Mwangalie kwa wiki mbili tatu. Angalia anafanya nini katika dakika kumi kabla ya kutoka ofisini, anamjibuje mteja aliyefoka, anaandika wapi alichoagizwa, anasemaje asipojua kitu. Usimuulize siri ya mafanikio yake. Atakujibu kwa maneno ya semina, "nidhamu na kumtanguliza Mungu". Muulize badala yake juu ya jambo moja mahususi: ule mzigo uliokwama mwezi uliopita, wewe ulifanyaje ukatoka? Hapo ndipo utasikia kazi ilivyo.

Sasa turudi kwa mpokeaji. Mhandisi wa Kijapani Kaoru Ishikawa, mmoja wa waasisi wa elimu ya ubora viwandani, aliwafundisha watu wa idara zilizokuwa hazielewani kwamba hatua inayofuata kiwandani ndiyo mteja wao. Ukikata chuma, mteja wako ni yule anayekikunja. Tazama kazi zetu za kila siku kwa jicho hilo. Mtunza stoo anayetoa mifuko ya saruji jioni na kusema ataandika kwenye leja kesho anamwachia mtu wa manunuzi hesabu ya uongo. Huyo ataagiza mzigo mwingine kwa kutumia leja, si kwa kutumia kumbukumbu ya kichwa cha mtu. Karani wa wakala wa forodha pale Dar es Salaam anayepeleka nyaraka ambazo uzito kwenye ankara haulingani na ulio kwenye hati ya shehena ameshamaliza kazi yake, kwa maoni yake, lakini kontena limeganda bandarini, na siku za kukaa bure zikiisha mteja anaanza kulipia. Katibu wa kikao anayeandika kwamba "wajumbe walijadili kwa kina suala la maji na kuazimia lifanyiwe kazi" amemwachia kila msomaji swali la nani atafanya nini, na lini. Mwalimu wa darasa la tatu mpokeaji wake ni mwalimu wa darasa la nne, ambaye ndani ya juma la kwanza tu anajua nani alifundishwa na nani alinakilishwa ubaoni.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya, hata wiki hii, ni kwenda kuuliza. Chagua mtu mmoja anayepokea kazi yako mara kwa mara. Akiwa mkubwa kwako kwa umri, adabu ndiyo inayofungua mlango: "Shikamoo mama. Naomba unisaidie kitu kimoja. Zile vocha ninazokuletea kila Ijumaa, kuna kitu huwa unalazimika kukirekebisha kabla hujaanza kazi yako?" Akiwa rika lako, mtafute wakati wa chai. Usiulize kama kazi yako ni nzuri. Kwa malezi yetu hakuna atakayekutazama usoni akasema ni mbaya. Atasema "iko vizuri tu, endelea hivyo hivyo". Uliza anachorekebisha. Majibu huwa madogo hadi yanashangaza: risiti zimebanwa bila mpangilio wa tarehe, namba ya faili haipo, picha za nyaraka zimepigwa zikiwa na kivuli cha mkono, jina la mteja limeandikwa kwa namna tatu. Kila kimojawapo unakirekebisha kwa dakika chache, na kila kimojawapo kilikuwa kinamla mwenzako nusu saa bila wewe kujua.

Mfano mkubwa wa nguvu ya makabidhiano mazuri ninaoujua unatoka hospitalini, tena kwa sehemu unatoka kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya ukaguzi wa usalama kwenye upasuaji katika hospitali za miji minane. Mmojawapo ulikuwa Ifakara, Morogoro, na mingine ilikuwa kama London, Seattle, Manila na New Delhi. Orodha ilikuwa na vipengele 19 vya kusomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Ndani yake hamkuwa na ufundi mpya hata mmoja. Hakikisha ni mgonjwa mwenyewe, na ni upande wenyewe. Kila mtu ataje jina lake na kazi yake. Hesabu vifaa na pamba. Semeni kwa pamoja mambo ambayo wauguzi watakaompokea mgonjwa wayaangalie. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: madhara makubwa yalishuka kutoka asilimia 11 hadi 7 ya wagonjwa, na vifo kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Hadithi hiyo ina sehemu ya pili ambayo haisimuliwi sana kwenye semina. Jimbo la Ontario, Kanada, baadaye liliagiza hospitali zake zitumie orodha za namna hiyo, na watafiti walipotazama hospitali 101, katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2014, hawakuona vifo vikipungua kwa kiasi cha maana. Maelezo yanabishaniwa hadi leo, lakini wengi huelekeza kidole kwenye jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kujaza tathmini ya mwaka atalielewa bila kufafanuliwa: kuweka alama ya tiki kwenye kiboksi ni kitu kimoja, na watu waliosimama kuzunguka kitanda wakaambiana wanachojua ni kitu kingine. Ofisi inaweza kuagiza tiki. Kuambiana kunatoka kwa wafanyakazi wenyewe.

Hospitalini pia kuna mbinu nyingine ninayoipendekeza kwa kila mtu, awe dereva au mhasibu. Ilianzia kwenye nyambizi za jeshi la wanamaji la Marekani, ikachukuliwa na madaktari na wauguzi wa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, na inatumika pale muuguzi anapompigia daktari simu usiku. Mambo manne kwa mfuatano: kuna nini sasa hivi, nyuma yake kuna nini, mimi nadhani tatizo ni nini, naomba nini kifanyike. Hebu tuipeleke barabarani. Dereva wa kawaida hupiga simu akasema, "Bosi, gari linasumbua." Kisha yanafuata maswali kumi na mawili. Dereva mzuri anasema: "Gari la kwenda Dodoma limesimama hapa Chalinze. Mwezi uliopita lilitengenezwa gia boksi. Nadhani ni tatizo lile lile, halitatembea leo. Naomba ruhusa tukodi gari jingine hapa ili wajumbe wawahi kikao cha saa nane." Simu imekwisha chini ya dakika moja na bosi amebakiwa na neno moja la kusema.

Watu wengi wanafanya vizuri sehemu tatu za mwanzo na kuiogopa ya nne. Wanadhani kupendekeza ni kujifanya bosi. Siyo. Kuleta tatizo bila pendekezo ni kumkabidhi mkubwa wako kazi yako pamoja na yake. Akilikataa pendekezo, umejifunza anavyofikiri, na safari ijayo utakuwa karibu zaidi. Katika kuandika nako ni hivyo hivyo: ujumbe wa WhatsApp kwenye kundi la kazi unaoanza na salamu, ukafuatiwa na "samahani kwa usumbufu", ukaishia "nitawajulisha", umewasumbua watu bila kuwapa kitu.

Nifike sasa kwenye sehemu ambayo, kwa maoni yangu, inatenganisha wafanyakazi wazuri na wengine kuliko elimu, kuliko kasi, kuliko hata kipaji. Ni habari mbaya. Tumelelewa kwenye msemo wa funika kombe mwanaharamu apite, na katika mambo ya ukoo una busara yake. Kazini unaua. Ripoti inatakiwa Alhamisi. Jumatatu unajua kabisa kwamba takwimu za Lindi hazijaja na hazitakuja. Unanyamaza, unaomba Mungu, Alhamisi saa nne asubuhi unasema "bosi, kuna changamoto". Kosa lako halikuanza Alhamisi. Jumatatu mkubwa wako alikuwa na njia tatu: kupiga simu Lindi mwenyewe, kuomba siku mbili zaidi, au kuipeleka ripoti bila Lindi na kueleza kwa nini. Alhamisi hana hata moja. Ulichomnyang'anya ni nafasi ya kuchagua.

Namna ya kusema inafaa iwe fupi na isiyo na maigizo. "Mkurugenzi, ripoti ya Alhamisi ina hatari ya kuchelewa. Takwimu za Lindi hazijafika. Nimeongea nao jana na leo. Kufikia kesho saa sita nitakuwa nimejua kama zinakuja. Zisipokuja napendekeza tuipeleke bila Lindi, tuambatanishe maelezo." Usianze na hadithi ya mtandao kukatika, mtoto kuugua na foleni ya Ubungo. Hayo yakihitajika utaulizwa. Ni kweli wapo mabosi wanaomfokea aliyeleta habari, na huko watu wamejifunza kunyamaza kwa sababu nzuri. Kwa bosi wa namna hiyo peleka habari mbaya mapema vilevile, lakini kwa maandishi mafupi, ukiwa na pendekezo juu. Kufoka kwa Jumatatu ni kudogo kuliko kwa Alhamisi, na barua pepe yako ya Jumatatu itabaki na tarehe yake.

Jirani wa habari mbaya ni ahadi. "Kesho" yetu ni neno lenye upole mwingi na maana kidogo. Mwenzako akikuuliza lini, taja siku na saa, na taja ile unayoiweza hata kama siyo anayoitaka. Mtu anayesema Ijumaa saa tisa na Ijumaa saa tisa kitu kikawa mezani, baada ya miezi michache watu huacha kumfuatilia. Hawampigii, hawampiti mezani kumkumbusha, hawamtumii nakala ya barua pepe kwa bosi wake. Fundi cherehani aliyekudanganya sikukuu mbili mfululizo unamjua. Hata ashone kama malaika, nguo ya harusi humpelekei.

Ahadi nzuri inaanza na kuelewa ulichoagizwa, na hapa "ndiyo bosi" imetuponza wengi. Mkubwa anatoa agizo akiwa anatembea kuelekea garini, kijana anaitikia ndiyo kwa heshima, gari likiondoka anamgeukia mwenzake: "Kwani alikuwa anamaanisha nini?" Wanakubaliana kukisia. Siku tatu zinapotea. Kuuliza si utovu wa adabu ukijua kuuliza: "Sawa mzee. Naomba nihakikishe kama nimekuelewa: unataka orodha ya wadaiwa wa mwaka huu tu, wenye deni zaidi ya milioni moja, na unaihitaji kabla ya kikao cha Jumatano?" Utashangaa mara ngapi atasimama na kusema, "Hapana, wa mwaka jana pia." Kama nafasi ya kuuliza haipo, mwandikie mistari miwili baadaye ukieleza ulivyoelewa. Kimya chake kitakuwa kibali, na asipokubali atakurekebisha kabla hujapoteza siku zako.

Kuna msomaji ameshaanza kunung'unika kwamba ushauri huu ni wa kumfanya mtu punda wa ofisi. Anayo hoja. Mikataba mingi na orodha za majukumu huishia na ile sentensi maarufu, "na kazi nyingine atakazopangiwa na mkuu wake wa kazi", na mtu akishajulikana kwamba mikononi mwake kazi haiharibiki, kila kazi iliyoharibika kwingine huletwa kwake. Kukataa waziwazi kunawezekana kwa wachache. Kinachowezekana kwa wengi ni kumrudishia mkubwa uamuzi wa kupanga: "Sawa, naipokea. Mkononi nina bajeti ya robo mwaka, majibu ya mkaguzi na barua za wadau. Ipi isubiri ili hii itangulie?" Hujakataa, wala hujadanganya kwamba zote nne zitaisha kesho. Na uyafanye mazungumzo hayo yawe na orodha iliyoandikwa, maana mkubwa aliyekupa kazi tatu kwa siku tatu tofauti kwa kweli hakumbuki kwamba ni tatu.

Hoja ya pili ya msomaji huyo ni nzito zaidi: je, kama anayepokea kazi yangu anataka kitu kibaya? Mhasibu anaombwa kurudisha nyuma tarehe ya vocha. Mtunza stoo anaombwa kusaini kupokea magunia mia wakati yamefika themanini. Aliyesimama mbele yako atafurahi sana ukifanya. Lakini yeye si mwisho wa safari ya karatasi ile. Itamfikia mkaguzi wa ndani, kisha ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali au wakaguzi wa kampuni, na siku hiyo aliyekuomba atakuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Sahihi itakayokuwapo ni yako. Ukiombwa hivyo, omba agizo liandikwe kwenye faili kama dokezo. Maombi mengi ya aina hiyo hufia hapo hapo.

Kuhusu kuwahi, kuvaa na kusalimia sina mengi. Wahi, vaa kama wanavyovaa watu wanaofanya kazi unayoifanya, salimia walinzi na wahudumu kwa majina yao. Mhudumu anayepeleka mafaili anajua lililo juu ya meza gani na tangu lini, na ni watu wachache wenye akili ya kumuuliza.

Mpangilio wa vitu nao unamhusu mpokeaji kuliko wewe. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007, kwa ushirikiano na Wajapani, kutumia hatua tano ambazo baadaye zilienea katika hospitali nyingine nchini: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Nne za mwanzo ofisi yoyote inaziweza kwa Jumamosi moja yenye soda na vitumbua. Ya tano ndiyo kazi. Kipimo changu cha meza au kompyuta iliyopangwa vizuri ni rahisi: mtu ambaye si wewe apate faili analolitaka bila kukupigia simu. Majina kama "ripoti mpya", "ripoti mpya ya mwisho" na "ripoti ya mwisho kabisa" hayampi mtu huyo nafasi yoyote. Andika tarehe, jina la kazi na toleo.

Haya yote yatapotea bure usipoyawekea kumbukumbu. Kila Ijumaa kabla hujaondoka, tumia robo saa kuandika kwenye daftari: nilimaliza nini, kilikwenda kwa nani, kilimsaidia kufanya nini, kipi kilikwama na nilisema lini. Tathmini ikifika hutakisia. Na ukiijaza, andika kilichotokea kwa sababu yako, si shughuli ulizohudhuria. "Nilishiriki vikao vya kamati ya manunuzi" haimwambii mtu lolote. "Nilianza kukagua ankara kabla hazijatumwa uhasibu, zinazorudishwa zimepungua kutoka karibu kila wiki hadi moja au mbili kwa robo mwaka" ni jambo ambalo hata bosi mpya aliyekuja juzi anaweza kulithibitisha kwa kumuuliza mhasibu.

Daftari hilo lina kazi nyingine ambayo natumaini hutaihitaji. Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya ajira yako, pamoja na maelezo ya kazi unayotakiwa kufanya. Huna? Iombe leo, kwa barua ya heshima kwa afisa rasilimali watu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinaeleza kwamba kabla mwajiri hajamwachisha mtu kwa kutomudu kazi, inaangaliwa kama kiwango kilichotakiwa kilikuwa cha haki, kama mfanyakazi alikijua, kwa nini alishindwa kukifikia, na kama alipewa nafasi ya kutosha kujirekebisha. Anayeachishwa na kuona ameonewa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtumishi wa umma anaanza na utaratibu wake wa rufaa. Mbele ya msuluhishi, neno "nilikuwa mchapakazi" ni jepesi. Kurasa zenye tarehe ni nzito.

Kwa anayesimamia watu nina neno moja, maana mengi yaliyo juu yanategemea yeye. Mtu wako akiwa anakosea mara kwa mara, jaribu kwanza kujiuliza kama amewahi kuiona kazi hiyo ikiwa imefanywa vizuri. Mara nyingi ameambiwa tu "andaa ripoti nzuri". Mpe ripoti moja ya zamani unayoipenda, kaa naye, mwonyeshe ni nini hasa unakipenda ndani yake. Mpeleke akaonane na mtu anayeitumia. Saa moja hiyo inafanya kazi kuliko barua tatu za onyo.

Na kama unataka kujua umefikia wapi bila kusubiri fomu ya mtu yeyote, tumia likizo yako. Sheria ile ile inakupa siku 28 mfululizo kwa mwaka. Wiki moja kabla, andika ukurasa mmoja kwa atakayekaimu: kazi zilizo mkononi na zilipofikia, nani anasubiri nini na kwa tarehe gani, nyaraka ziko wapi, mambo ambayo anaweza kuamua bila kukupigia, na yale mawili au matatu ambayo lazima akupigie. Nywila yako usimwachie. Waombe watu wa TEHAMA wampe ruhusa yake mwenyewe. Kisha pitieni ukurasa huo pamoja mkiwa mmekaa, yeye akikurudishia kwa maneno yake alivyoelewa.

Nenda. Simu zikija, zijibu kwa ufupi na uziandike pembeni, kila moja na ilichouliza. Wapo wanaozifurahia simu hizo, wakiona ni ushahidi kwamba ofisi haiwezi kwenda bila wao. Kila simu ni kitu ulichokijua wewe peke yako na ambacho kilipaswa kuwa kwenye faili. Siku ukirudi, kabla ya kuanza kusimulia ya nyumbani na kugawa ndizi za Bukoba, kaa na aliyekaimu nusu saa. Muulize alikwama wapi, alikisia wapi, na nani alikuja kulalamika. Ongeza majibu yake kwenye ukurasa ule ule, weka tarehe, uuhifadhi mahali ambapo atakayekaimu safari ijayo ataukuta bila kukutafuta.